Mlango haufungi na wote wanasema ninyanyue bodi: jibu kwa mwenye Triumph TR6

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester. Mwaka jana nilinunua Triumph TR6 ya 1971. Namba yake inaanza na CC, na usukani umehamishiwa kulia. Gari linawaka na linatembea. Lakini mlango wa dereva unabana juu karibu na kitasa, huku chini pameachia nafasi ya kupitisha kidole. Nikiachia klachi nasikia 'kong'' nyuma ya kiti. Vizingiti vya bati chini ya milango vimeoza pande zote mbili. Fundi mmoja ameniambia nivikate tu, nichomelee vipya, nimalize. Mwingine anasema ninyanyue bodi yote kwenye chasisi, nianze upya. Nina gereji ya gari moja na kuchomelea najua kiasi. Nikistaafu nataka kulipeleka nyumbani. Nimsikilize nani?"

Marahaba, ndugu yangu. Bodi itanyanyuka, tena mara mbili, ila vizingiti hutavikata bodi ikiwa hewani. Chasisi inatengenezwa kwanza peke yake. Kisha bodi inarudishwa juu yake na kufungwa boliti zote, na ikiwa imekaa hapo ndipo unakata vizingiti na kuchomelea vipya. Ikishapona, inatoka mara ya pili kwa ajili ya rangi. Huyo anayetaka ukate vizingiti leo atakuachia bati jipya juu ya chasisi mbovu. Na huyo wa kunyanyua hakukueleza bodi iliyooza vizingiti inafanya nini ikikosa kitu cha kuikalia.

TR6 ni gari la chasisi mbali, bodi mbali. Chasisi hiyo ilianza na TR4A mwaka 1965, pale Triumph walipotaka kila gurudumu la nyuma lijitegemee. Ikaendelea kwenye TR5 na TR250, ikaja TR6, ambayo kampuni ya Karmann ya Ujerumani iliichonga upya mbele na nyuma huku katikati kukibaki umbo la Michelotti, mchoraji wa magari wa Kiitaliano. Gari halina paa la bati. Basi kinachozuia lisijikunje katikati ni chasisi iliyo chini pamoja na vizingiti viwili, kulia na kushoto. Magurudumu yanalibeba mbele na nyuma, na uzito wa katikati unavuta chini. Vizingiti vikioza, katikati panalegea, na nguzo ya mbele yenye bawaba inaanza kuegemeana na nguzo ya nyuma yenye kitasa. Vichwa vyake vinakaribiana na miguu inaachana. Ndiyo maana mlango wako unabana juu na kuachia chini.

Hata hivyo usiniamini kwa maelezo tu, maana bawaba zilizolika nazo zinaweza kukuonyesha dalili inayofanana. Tofauti iko upande wa mbele wa mlango, ambako watu wengi hawaangalii. Funga mlango taratibu, uchungulie mstari kati yake na bati la mbele. Pini za bawaba zikiwa zimelika, mstari huo utakuwa umefunguka juu, na ukishika mlango kwenye ncha yake ukaunyanyua, utacheza mkononi. Lakini mstari wa mbele ukiwa sawa kuanzia juu hadi chini, na wa nyuma ndio wenye umbo la kabari, mlango hauna kosa. Gari lenyewe limeinama.

Kipimo cha pili kinataka jeki na kipande cha mbao. Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, weka jeki chini ya reli kuu ya chasisi, karibu na usawa wa nguzo ya kitasa, mahali ambapo chuma bado ni kizima. Pandisha kidogo tu, mpaka jeki ianze kubeba. Magurudumu yasitoke chini. Mwenzako akae kando akiangalia ile nafasi ya juu ya mlango. Ikifunguka, umepata jibu. Jeki ikianza kuzama ndani ya chasisi, umepata jibu jingine, baya zaidi, na kazi ya siku hiyo imeishia hapo.

Sasa ule mlio wa "kong'". Huo ndio ulionifanya nikwambie chasisi kwanza. Difu ya TR6, yaani gia ya nyuma inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, imeshikwa sehemu nne, mbili mbele na mbili nyuma. Za mbele ni pini zinazoning'inia kutoka kwenye daraja la bati linalokatiza chasisi. Kila unapoachia klachi, injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2498 inajaribu kuizungusha difu yote, na nguvu hiyo inaishia kwenye hizo pini. Bati la daraja ni jembamba kwa kazi hiyo. Baada ya miaka linapasuka kuzunguka kitako cha pini, kisha pini inabaki ikicheza ndani ya tundu lake kama jino bovu.

Ufa wenyewe hauonekani kirahisi, kwa kuwa hapo pamejaa grisi na matope ya miaka hamsini. Ingia chini gari likiwa kwenye stendi, si kwenye jeki. Sugua kwa brashi ya waya, pangusa kwa tina mpaka chuma kiwe kikavu, kisha subiri kidogo. Penye ufa mafuta yatatoka tena yenyewe na kuchora mstari mwembamba mweusi, mara nyingi ukiwa na vumbi jekundu la kutu pembeni. Mwambie mtu aachie klachi kidogo gari likiwa limefungwa breki ya mkono na magurudumu yamewekewa kabari, nawe uangalie ukiwa pembeni, usiwe chini ya gari. Difu ikiruka, pini imeachia.

Ukiwa huko chini, fika na sehemu nyingine mbili. Ya kwanza ni pale reli mbili za chasisi zinapokaribiana nyuma ya giaboksi kisha zikaachana tena. Pamefunikwa kwa bati lenye umbo la fulana, juu na chini. Maji yanaingia, matope yanakaa, na uozo unaanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo ukiona tundu ujue kilichobaki pembeni ni karatasi. Pagonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya bubu. Hapo hapo karibu ndipo inapofungwa mikono ya aluminiamu inayobeba magurudumu ya nyuma, na ndiyo maana uozo wa hapo si suala la sura. Ukizidi, gurudumu la nyuma linabadilisha mwelekeo unapokata kona. Ya pili iko mbele, kwenye vishikio vya mikono ya chini ya magurudumu ya mbele. Hivyo navyo vina tabia ya kung'oka kwenye chasisi. Kwa kawaida utakuta chasisi ya mbele iko nzuri kuliko ya nyuma, kwa sababu injini za Triumph huvuja mafuta na kuipaka chasisi dawa bila kuombwa. Ni kasoro pekee ya gari hili ambayo huwa naishukuru.

Herufi CC zinanipa matumaini kiasi. Zinamaanisha gari lako lilitoka kiwandani Coventry likiwa la soko la Marekani, na kabureta mbili za Stromberg badala ya mfumo wa Lucas wa kupuliza petroli uliowekwa kwenye magari ya hapa. TR6 nyingi zilienda huko. Kama lako liliishi majimbo makavu ya magharibi, chasisi ilipumzika na chumvi ya barabarani kwa miaka mingi kabla ya kurudi Uingereza. Kama liliishi kaskazini mashariki, kwenye theluji na chumvi, hakuna tofauti kubwa na lililobaki Leicester. Kagua pia kazi ya kuhamisha usukani, hasa bati la ukuta wa injini pale pedali zilipohamia. Nimeona pameongezewa viraka juu ya viraka. Na kabla hujaniuliza: hapana, usibadilishe kabureta uweke mfumo wa Lucas. Unafanya kazi vizuri kwa anayeujua, lakini petroli yake inasukumwa kwa zaidi ya pauni 100 kwa inchi ya mraba, na wewe una kazi ya kutosha tayari.

Tuseme umekagua na chasisi ina uozo chini ya ile fulana na daraja la difu limepasuka, kama ninavyoshuku. Je, haviwezi kutengenezwa bodi ikiwa juu? Ufa wa pini unaweza, ukishusha difu. Wengi hufanya hivyo, na kama hilo lingekuwa tatizo pekee ningekwambia ufanye hivyo wikiendi moja uendelee kuendesha. Lakini upande wa juu wa reli haufikiki. Bodi imekaa sentimita chache tu juu yake, na hapo ndipo matope yalipolala. Ukichomelea upande wa chini peke yake umeziba nusu ya tundu. Vizingiti viwili vibovu pamoja na chasisi mbovu juu na chini: hiyo ndiyo hali inayohalalisha kunyanyua.

Kazi inaanza kabla ya boliti hata moja kufunguliwa, kwa kupima na kufunga vyuma vya kuzuia. Pima pande zote mbili nafasi za milango, juu, katikati na chini. Pima kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na kutoka kona moja ya tundu la mlango hadi kona ya mshazari. Andika kwa kalamu isiyofutika juu ya bati lenyewe, maana karatasi hupotea. Kisha pandisha ile jeki tena mpaka mlango ukae vizuri, na gari likiwa hivyo, funga vyuma vya kuzuia.

Tumia bomba la mraba la milimita 25 au zaidi. Kimoja kinatoka nguzo ya bawaba kwenda nguzo ya kitasa, juu. Cha pili kinapita mshazari. Kisha viwili vinakatiza gari kutoka upande hadi upande. Zingatia mambo mawili. Kwanza, vyuma vikae upande wa ndani ya gari, ili mlango uweze kufungwa na kufunguliwa vyuma vikiwa bado vimo. Mlango ndio kipimo chako, na ukiuzuia usifunge umebaki kubahatisha. Pili, kile cha juu kikate katikati, ukiwekee boliti ndefu yenye nati mbili ili uweze kukirefusha na kukifupisha. Wiki kadhaa baadaye, utakapohitaji milimita mbili za ziada juu ya mlango, utazipata kwa spana badala ya nyundo.

Kufungua bodi yenyewe ni kazi ya subira tu. Mabati ya mbele na ya nyuma juu ya magurudumu yote yamefungwa kwa boliti, hayakuchomelewa, hivyo yanatoka bila kukatwa. Ondoa milango, boneti, buti, kioo cha mbele, viti, zulia, na kifuniko cha giaboksi. Tangi la petroli liko kati ya viti na buti. Litoe mapema, ulipeleke mbali na gereji, na usichomelee chochote likiwa ndani. Tenganisha usukani, mirija ya breki na klachi, kebo ya breki ya mkono, kebo ya spidi, waya za injini na ule mkanda wa arthi ambao kila mtu huusahau. Bampa zinashikwa na chasisi, kwa hiyo nazo zitoke. Spana ziwe za inchi. Ukilazimisha za milimita utakula vichwa vya boliti, na boliti za bodi zimekwishashikwa na kutu vya kutosha.

Kati ya bodi na chasisi, kila penye boliti, utakuta raba na vipande vyembamba vya bati vilivyopangwa kwa idadi tofauti. Mahali pamoja viwili, pengine vinne, pengine hakuna. Usivione kama takataka. Kiwandani walivitumia kuipandisha bodi hii juu ya chasisi hii mpaka milango ikakaa sawa. Kila fungu liweke kwenye mfuko wake na jina la mahali lilipotoka. Raba utanunua mpya, lakini vipande utavirudisha kama vilivyokuwa, kisha uanze kurekebisha kutoka hapo.

Siku ya kunyanyua waite watu sita. Bodi tupu hawashindwi nayo. Winchi ya kukodi inasaidia, ila mkanda upite chini ya bodi mbele na nyuma ya matundu ya milango, usining'inize gari kwa ncha zake.

Chasisi ikibaki peke yake, usikimbilie kuipaka rangi. Iweke kwenye stendi nne, isawazishe kwa pima maji, halafu dondosha timazi kutoka kila sehemu muhimu mpaka sakafuni na uweke alama ya chaki. Ukishaiondoa chasisi, sakafuni itabaki ramani yake. Pima mishazari: kona ya mbele kulia hadi nyuma kushoto, na kinyume chake. Tofauti ya milimita 2 au 3 naivumilia. Ikizidi hapo, gari liligongwa wakati fulani, na ipelekwe kwa mwenye mashine ya kunyooshea chasisi. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 88. Linganisha kulia na kushoto.

Wapo watengenezaji wachache hapa Uingereza wanaotoa chasisi mpya nzima. Ikiwa yako imeoza reli zote mbili nyuma ya fulana, fanya hesabu kabla ya kuanza kukata viraka, kwa sababu kiraka juu ya kiraka huishia kugharimu karibu sawa, na unyoofu wake una mashaka. Chasisi mpya ya umbo lilelile la kiwandani inakubalika na mamlaka ya usajili ya DVLA, ila tunza risiti. Ile ya zamani usiitupe hadi hiyo mpya imefungwa na gari limetembea.

Ukiamua kuitengeneza, kata bati la fulana upande mmoja, safisha ndani, chomelea jipya, ndipo uhamie upande wa pili. Kila unapokata, chasisi iwe imefungwa isiweze kuhama. Daraja la difu nalifanya hivi: nachomelea ufa, kisha naongeza vipande vya pembetatu pande zote za kishikio ili nguvu isambae kwenye bati pana. Usiridhike na kuchomelea ufa peke yake. Utapasuka tena pembeni ya mshono.

Mikono ya aluminiamu ya nyuma ina mtego wake. Vishikio vinavyoishika kwenye chasisi vina alama za mikato pembeni, kimoja mkato mmoja, kingine miwili, na kuna vya mitatu. Vinaonekana kama vinafanana, lakini matundu yao yako kwenye urefu tofauti, na mpangilio wake ndio unaoamua gurudumu la nyuma lilale au lisimame. Piga picha kabla ya kufungua, ikionyesha idadi ya mikato na kama iko juu au chini. Boliti za habu ya gurudumu zinazoingia kwenye hiyo aluminiamu nazo hung'oa nyuzi. Wakati mkono uko mezani, weka nyuzi mpya za chuma kwenye matundu yote, hata yale yanayoonekana mazima.

Halafu rangi ya chasisi. Watu wengi watakushauri uizamishe kwenye zinki, na kwa kuwa unataka kuipeleka Mombasa, kwenye upepo wa bahari, najua utavutiwa. Mimi kwa chasisi ya zamani iliyokwisha kuchomelewa siipendelei. Zinki iliyoyeyuka ina joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, na chasisi ya mabomba ya bati yenye viraka vya unene tofauti inaweza kutoka humo imepinda. Tena kila sehemu iliyozibwa lazima itobolewe kwanza, kwa sababu hewa na unyevu vilivyofungiwa hulipuka. Kwa chasisi mpya, yenye matundu yaliyopangwa na mtengenezaji mwenyewe, zinki ni sawa kabisa. Kwa yako: ipigwe mchanga, siku hiyohiyo ipakwe praima ya epoksi kabla hewa ya Leicester haijaigusa, kisha rangi ya chasisi, na mwisho nta inyunyizwe ndani ya mabomba kwa mpira mrefu. Rangi ya unga inayookwa inapendeza kwenye picha, lakini ikipasuka mahali pamoja maji hutembea chini yake, na utakuja kugundua ikiwa imebanduka kwa vipande. Ile nta ya ndani ndiyo itakayokufaa Mombasa kuliko kitu kingine, na irudiwe kila baada ya miaka michache. Huo mpango wa nyumbani pia uulizie mapema kwa mamlaka husika, maana Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa.

Chasisi ikiwa imepona, irudishie magurudumu, springi, difu, injini na giaboksi. Kubali injini iingie hata kama bado hujaifungua, maana itatoka tena. Chasisi hupinda kidogo sana ikibebeshwa uzito, lakini kwenye milango unauona huo kidogo. Ukirekebisha mlango juu ya chasisi tupu, siku utakayoweka injini mlango utahama.

Bodi inashuka. Ingiza boliti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja, na vile vipande vya bati virudi mahali pake. Tundika milango. Sasa cheza na ile boliti ya kurefusha chuma cha kuzuia, ongeza au punguza vipande, mpaka mstari wa mbele na wa nyuma wa mlango uwe sawa juu na chini. Hapa usiwe na haraka. Ukiuona mlango umekaa, uache usiku kucha, urudi asubuhi uuangalie tena.

Ndipo unakata. Upande mmoja tu, tena kizingiti cha nje kwanza, ili uone hali ya cha ndani. Upande wa pili uachwe hata kama umeoza, kwani uozo nao bado unashikilia kitu. Miguu ya nguzo zote mbili itakuwa imeliwa pia. Tengeneza hiyo kabla ya kuweka kizingiti, la sivyo utachomelea chuma kipya kwenye unga. Mabati mapya ya madukani mara nyingi hayakai sawasawa. Yashike kwa vibanio, funga mlango, angalia. Yachomelee nukta tatu au nne, funga mlango, angalia tena. Bati lenyewe halifiki hata milimita moja, hivyo mshono mrefu wa mfululizo utalivuta na mlango utauona ukihama mbele ya macho yako. Piga nukta, ruka sentimita kumi, piga nyingine, acha ipoe kwa hewa. Maji usimwage. Rudi ujaze katikati. Anayejua kuchomelea kiasi, kama unavyojieleza, anaiweza kazi hii akikubali kwenda polepole. Sehemu ambayo ningemwachia mtu wa kazi hiyo ni chasisi nyuma ya fulana, kwa kuwa hapo mshono mbovu unakuachia gurudumu lisilo na kishikio.

Weka bati la nyuma lililofungwa kwa boliti kabla hujaridhika, maana mlango unaweza kukaa sawa na nguzo halafu ukakataana na bati. Upande wa kwanza ukiisha kabisa, nenda wa pili. Sakafu ndizo za mwisho. Vyuma vya kuzuia usivitoe hadi pande zote mbili zimepoa na milango yote miwili inafunga kwa kidole.

Kunyanyua mara ya pili hakutakutisha, kwani bodi sasa inajibeba yenyewe. Bodi inakwenda kwenye rangi, nawe unabaki na chasisi inayotembea. Badilisha mirija yote ya breki, weka ya shaba na nikeli isiyoshika kutu. Badilisha na mipira ya petroli, uchague inayostahimili ethanoli, kwa kuwa petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, tangu Septemba 2021 na mipira ya zamani inalika nayo. Hapo ndipo injini ifunguliwe kama inahitaji.

Kilichobaki ni gereji yako, na hapa watu wengi hukwama kuliko kwenye kuchomelea. TR6 ina urefu usiofika mita 4 na upana wa mita moja na nusu hivi, lakini ukishaitenganisha una magari mawili: bodi na chasisi. Kwenye gereji ya gari moja havikai ubavu kwa ubavu ukabaki na mahali pa kusimama na mashine. Njia inayofanya kazi ni fremu ya mbao au bomba yenye miguu mirefu na magurudumu, bodi ikae juu, chasisi isukumwe chini yake. Mabati na milango yapande darini, kila kimoja kimefungwa blanketi na kuandikwa upande wake. Pima urefu wa dari kabla hujakata hata ubao mmoja wa fremu hiyo: bodi juu, chasisi na injini chini, na ubakize nafasi ya kuinyanyua bodi walau sentimita kumi zaidi ili uitoe. Dari isiporuhusu, kodi mahali pengine kwa miezi ya kazi ya chasisi, kisha urudi nyumbani kwa vizingiti. Na vizingiti vyenyewe usiviagize sasa. Agiza raba za bodi na uanze na difu.